Saa Zilizobaki Kitonga

Mwezi Oktoba 2018 nilitoka Dodoma, nilikokwenda kufanya usaili wa mchujo wa kazi, nikiwa na swali moja lililokataa kunitoka kichwani. Mtihani ulikuwa na maswali 40 ya kuchagua kwa dakika 60, na swali lenyewe lilikuwa jepesi hata likanitia shaka: gari linakwenda mji fulani kwa mwendokasi wa kilomita 40 kwa saa na kurudi kwa njia ileile kwa kilomita 60 kwa saa, je, wastani wa mwendokasi wa safari nzima ni upi? Nilijumlisha, nikagawa kwa mbili, nikapata 50, na kwa kuwa 50 ilikuwamo kwenye majibu, nikaitia alama.

Nilishukia Msamvu, Morogoro, nikaenda kulala kwa baba mdogo, Kihonda. Aliishia darasa la saba, na kwa miaka mingi alikuwa akiendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Baada ya chakula alinitaka nimsomee maswali niliyoyakumbuka, nami nikaanza na hilo, bila kumtajia jibu langu.

"Hamsini haifiki, mwanangu," alisema kabla sijamaliza. "Mimi nikiwa na mzigo, Kitonga naipanda polepole mno. Kilomita ni chache, lakini saa zangu zinabaki pale. Nikirudi gari tupu, njia ni ileile ila saa ni chache. Sasa mwendo wa pole na wa kasi utaupaje uzito sawa?"

Nilichukua karatasi. Kwa kuwa swali halikutaja umbali, nilichagua kilomita 120, ambazo zinagawanyika kwa 40 na kwa 60. Kwenda ni saa 3, kurudi ni saa 2. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Nilikaa nikiitazama ile 48 kwa muda mrefu. Kanuni ya mwendokasi kuwa ni umbali kugawanya kwa muda nilikuwa nayo tangu shule ya msingi, na niliweza kuitamka usingizini, lakini sikuwahi kutambua kwamba miendokasi yenyewe haijumlishwi. Kinachojumlishwa ni umbali wote na muda wote. Jibu langu lingekuwa sahihi iwapo tu dereva angetumia saa zilezile katika kila mwendo.

Hatukulala mapema. Nilimsomea swali la treni ya mita 150, inayokwenda kilomita 72 kwa saa na kuvuka daraja la mita 250: inatumia sekunde ngapi kulivuka? Kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde nilijua: unazidisha kwa 5 na kugawanya kwa 18, kwa sababu kilomita ni mita 1,000 na saa ni sekunde 3,600, hivyo 72 inakuwa 20. Palipokuwa pananishinda kila mara ni urefu gani niuchukue. Baba mdogo alishangaa kwamba hilo nalo ni la kuuliza, kwani lori haliwezi kuhesabiwa limevuka daraja hadi tairi la mwisho la tela litoke. Basi ni mita 400, na sekunde 20.

Machi 2019 niliitwa kwenye usaili mwingine. Swali la kwenda na kurudi lilikuwamo tena, safari hii likiwa na 80 na 120, na 100 ikinisubiri kati ya majibu kama ilivyokuwa 50. Nilipotoka chumbani nilimpigia simu baba mdogo, ambaye alikuwa kwenye foleni ya mizani Makambako. Hakuniuliza kama nimefaulu; alitaka nimtajie namba. Nikamtajia. Alinyamaza, nikasikia injini za malori nyuma yake, kisha akasema, "Tisini na sita."