Viungo vya mafaili vinavyokufa nje ya kompyuta yako

Tovuti nyingi za kampuni za utalii hapa Arusha huweka orodha ya bei au ratiba ya kupanda Kilimanjaro kama faili la kupakua. Kosa linaloumiza zaidi ni kiungo kinachoanza na file:///C:/. Kwenye kompyuta ya ofisini kinafunguka vizuri, kwa sababu faili limo humo humo. Mteja aliyeko Ujerumani hapati kitu. Pandisha faili kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti yako), kisha andika njia fupi kama /faili/bei.pdf.

Halafu majina. Windows haitofautishi Bei.PDF na bei.pdf, lakini seva za Linux kwa kawaida huyaona kuwa mafaili mawili, na jibu linakuwa 404, yaani faili halikupatikana. Tumia herufi ndogo tu, na kistari badala ya nafasi, maana anwani yenye nafasi ikibandikwa WhatsApp hukatikia hapo hapo.

Programu za .exe (za Windows) zina matata zaidi: kivinjari hakiziendeshi, huzipakua tu, na simu ya Android haiwezi kuzifungua. Andika aina na ukubwa wa faili kando ya kiungo. MB 40 ni bando la mtu. Jaribu kila kiungo kwa simu iliyo nje ya Wi-Fi ya ofisi.