Kutoka Boston hadi Concord kwa Nyayo za Jenerali Stark

Basi liliondoka Boston asubuhi, likashika barabara kuu namba 93 kuelekea kaskazini, na tulipovuka mpaka wa New Hampshire nikaanza kusoma maneno yaleyale kwenye vibao vya namba vya magari yaliyotupita: "Live Free or Die", yaani ishi huru au ufe. Majimbo mengi ya Marekani yana kaulimbiu za upole, nyingine za Kilatini ambacho wapita njia hawakielewi. Hii inaamrisha, tena kwa ukali, nami nilitaka kufika ilikoanzia.

Nilishuka Manchester, mji wa viwanda vya kale vya nguo, majengo marefu ya matofali mekundu yaliyopangana kandokando ya Mto Merrimack. Juu ya mto huo, katika bustani inayoitwa kwa jina lake, amezikwa Jenerali John Stark, chini ya mnara wa graniti usio na mapambo mengi. Tarehe 16 Agosti 1777, katika vita vya Wamarekani kudai uhuru kutoka Uingereza, Stark aliwaongoza wanamgambo wa New Hampshire kuyashinda majeshi yaliyotumwa na Waingereza kuteka akiba ya chakula na farasi, katika mapigano ambayo hadi leo huitwa ya Bennington, mji wa Vermont, ingawa uwanja wenyewe uko New York. Mwaka 1809 wapiganaji wenzake walimwalika kwenye kumbukumbu ya ushindi huo. Alikuwa na umri wa miaka 80 na afya haikumruhusu kusafiri, kwa hiyo aliandika barua ya kuomba radhi, akaambatanisha maneno ya kusomwa watakapoinua glasi: ishi huru au ufe, kifo si ubaya mkubwa kuliko wote. Sidhani kama aliyabuni, kwa maana wanamapinduzi wa Ufaransa walikuwa wameshapaza sauti kwa maneno ya namna hiyo miaka ya 1790. Hata hivyo, kutoka kwa mzee aliyekwisha kuuona uso wa vita, yalikuwa salamu kwa watu waliokwisha kuchagua wenyewe, wala hayakumlazimisha yeyote.

Jioni nilifika Concord, makao makuu ya jimbo. Mbele ya jengo la Bunge, ambalo limetumika tangu 1819, Stark amesimama kwa umbo la sanamu. Humo ndani, mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni, maneno yake yalifanywa kaulimbiu rasmi, na tangu 1971 yakaandikwa kwenye vibao vya magari ya watu binafsi mahali palipokuwa na neno la kusifu mandhari.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. George Maynard, mfuasi wa Mashahidi wa Yehova, aliona maneno hayo yanapingana na imani yake, akayafunika kwenye kibao cha gari lake. Alishtakiwa, na alipokataa kulipa faini akafungwa siku 15. Nilipokuwa nimesimama mbele ya sanamu hiyo niliwaza kwamba kumfunga mtu kwa kukataa kutangaza uhuru ni jambo ambalo hata jenerali angeliona la ajabu. Jimbo lilijitetea kuwa kaulimbiu huwasaidia polisi kutambua magari ya abiria na kukuza fahari ya jimbo. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataa hoja hizo: serikali haiwezi kumlazimisha raia kuifanya mali yake ubao wa kutangazia itikadi asiyoiamini.

Kwa hukumu hiyo, mwenye gari anaweza kuyafunika maneno hayo bila kuadhibiwa. Kesho yake, kabla ya kupanda basi la kurudi, nilizunguka maegesho ya karibu na Bunge nikivitazama vibao kimoja kimoja, na sikukuta hata kimoja kilichofunikwa.