Siku Bibi alipopanda treni ya wajane

Kuna fundi pale Keko ananitengenezea kitanda tangu Ramadhani, na kila nikienda kukikagua nakuta ameongeza mguu mmoja. Juzi nilimkuta anapiga randa ubao wa mtiki. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nimeshapanga na maneno yenyewe njiani kwenye daladala. Nikaishia kusimama katikati ya yale maranda navuta pumzi tu, maana harufu ile, ya ngozi iliyopakwa mafuta, kwangu mimi ni harufu ya behewa. Fundi akadhani nimeridhika na kazi. Akaniomba hela ya vanishi.

Behewa lenyewe liko Stuttgart, Ujerumani, mtaa wa Heslach, nilikokulia. Ukifika Südheimer Platz unaona kijistesheni kimejibanza chini ya mlima, na humo ndimo treni ya kamba inamoanzia safari yake ya kwenda makaburini. Sitanii. Haina kituo kingine. Makaburi ya Waldfriedhof yalifunguliwa mwaka 1914 juu kabisa msituni, mahali pazuri kwa waliokwisha kufa na pabaya kwa waliobaki, kwa kuwa wanaozuru makaburi aghalabu ni watu wenye magoti mabovu. Ndipo tarehe 30 Oktoba 1929 ikazinduliwa hiyo treni: mita 536 za reli, mita 87 za kupanda, na mabehewa mawili ya mtiki ambayo mpaka leo ndiyo hayo hayo.

Wenyeji wanaiita treni ya wajane. Wenye ulimi mkali wanaiita treni ya wanyemelea urithi. Oma, mama yake Baba, alilipenda zaidi hilo jina la pili, na alikuwa akilitamka huku anatutazama mmoja mmoja mezani, akianzia kwa Baba. Alifariki mwaka 2005, akazikwa huko huko juu, kando ya mumewe.

Bibi yangu wa Muheza, mama yake Mama, alikuja mwaka uliofuata, Novemba, baridi imeshaanza kuuma. Yeye na Oma hawakuwahi kuonana. Miaka yote walikuwa wanapelekeana vifurushi kupitia kwa kila anayesafiri: kutoka Muheza karafuu na khanga, kutoka Heslach jemu za matunda ambazo Bibi alizipanga kabatini kwa ajili ya wageni na wala hakuzila. Kwa hiyo alipofika, kabla hata hajazoea choo chetu, alisema anataka kwenda kumzuru mkwe wake.

Baba alichagua Jumapili ya Wafu. Ndiyo siku ambayo Waprotestanti wa kule huwakumbuka marehemu wao, wiki moja kabla ya Majilio. Mama alikuwa amelala na mafua. Tukaenda watatu: Baba mbele na tiketi, Bibi katikati ndani ya buibui lake na juu yake koti la Mama la sufu lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na mimi nyuma, umri ule ambao mtu anaomba Mungu asikutane na mwanafunzi mwenzake.

Behewa lilikuwa limejaa. Akina mama wazee na mashada ya majani ya misonobari mapajani, mishumaa myekundu, hakuna anayeongea. Bibi akawasalimia wote kwa pamoja, "Hamjambo nyote," akaketi. Kisha akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Akaunusa.

"Mtiki huu."

Marehemu Babu alikuwa seremala, na Muheza si mbali na msitu wa Longuza, mitiki mitupu. Mwanamke huyu alikuwa amefagia maranda ya mtiki karibu maisha yake yote.

"Huu umetoka kwetu," akasema, kwa sauti ya kumaliza mjadala.

Nikamwona Baba anafungua mdomo. Baba ni mtu asiyeweza kuacha sentensi ya mwenzake ipite bila marekebisho, hasa ikiwa na historia ndani yake. Halafu akakumbuka anayezungumza ni mama mkwe wake. Akaufunga.

Kengele ikalia, tukaondoka. Kinachomshangaza mgeni ni ukimya. Hakuna injini chini yako. Mota iko juu kule mwisho wa mlima, unachosikia ni magurudumu na mbao kulia kidogo kwenye viungo. Bibi akauliza nani anatuvuta. Nikamtafsiria mhudumu aliyekuwa amesimama mbele, na yule bwana, ambaye nadhani kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza chochote zaidi ya saa, akachangamka. Kamba ni moja, akasema. Ncha moja imefungwa kwetu, nyingine kwa mwenzetu, na katikati inapita kwenye gurudumu kubwa kule juu. Sisi tukipanda yeye anashuka. Uzito wake ndio unaotupandisha, mota inaongezea tu.

"Kama ndoo mbili za kisima," akasema Bibi. Kwa hiyo alikuwa ameelewa kuliko mimi niliyetafsiri.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Nje misitu ilikuwa mitupu, majani yote chini, ukungu umekaa kati ya vigogo. Tulikuwa karibu na nusu ya njia. Bibi alikuwa ameketi kiti cha mbele, akitazama juu kupitia kioo, na ghafla nikaona mgongo wake umenyooka. Lile behewa jingine lilikuwa limejitokeza kwenye ukungu, taa zinawaka, linatujia.

"Reli ngapi hizi?" akaniuliza, taratibu.

"Moja, Bibi."

"Na lile linakuja."

"Linakuja, Bibi, ila..."

"Na huyu bwana amesimama tu."

Ni kweli, mhudumu alikuwa amesimama tu. Hakuna usukani wa kukata kona kwenye chombo kile. Nilikuwa najua kitakachotokea, nimepanda pale tangu nikiwa kwenye mbeleko, na nilikuwa na maneno yote ya kumweleza. Lakini Bibi alikwishasimama. Mkono mmoja ameshika nguzo, mwingine ameukamata mkono wa mama aliyeketi kando yake, mzee wa Kijerumani mwenye shada pajani, na akaanza kutoa shahada. Kwa sauti. Ile sauti ambayo mtu anaitoa akiwa amekwisha kubali. Behewa zima likageuka. Nilitamani sakafu ya mtiki ipasuke inimeze. Taa zikawa kubwa, nikaanza kuziona sura za waliomo, na nakuambia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu mimi niliyezaliwa pale nikafikiri: je, kama leo?

Behewa letu likainama kidogo upande mmoja. Likateleza pembeni, lile la kushuka likateleza upande wa pili, na tukapishana karibu kiasi kwamba ungeweza kuazima kiberiti. Ndani yake alikuwamo mzee mmoja peke yake na ndoo ya kumwagilia maua. Alimwona Bibi, macho yamemtoka, kidole cha shahada bado kiko juu. Mzee yule akavua kofia. Bibi, bila kukishusha kidole, akampungia.

Kisha reli ikawa moja tena.

Siri yake nilielezwa baadaye na Baba, kwa kirefu, wakati wa chakula. Magurudumu ya upande mmoja wa behewa yana kingo mbili zinazoikumbatia reli, ya upande wa pili ni bapa, hayashiki kitu. Behewa moja kingo zake ziko kushoto, jingine kulia. Kwa hiyo kila moja hufuata upande wake milele, wala hakuna kifaa cha kubadilisha njia kinachosogea. Haliwezi kukosea hata likitaka. Sijui kwa nini maelezo haya hayajawahi kunituliza.

Bibi aliketi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Na yule mama wa shada akacheka, na bado walikuwa wameshikana mikono. Akaniambia kwa Kijerumani, "Mwambie bibi yako, mimi pia. Kila mara." Nikatafsiri. Bibi akamwambia, "Pole, mwenzangu," na hiyo hakunisubiri niitafsiri.

Huko juu mambo yalikwenda haraka kwa sababu ya baridi. Baba alitupitisha kaburi la Robert Bosch, na Bibi akauliza kama huyu ndiye mwenye keekee ya umeme ya marehemu Babu. Ndiye. Bibi akalitazama jiwe, dogo kuliko alivyotarajia kwa mtu mwenye jina kila gereji. Kwa Oma alikuta kaburi limefunikwa matawi ya misonobari kwa ajili ya majira ya baridi. Akasimama, akajitambulisha: "Mkwe, mimi ndiye mama yake. Zile jemu zilifika, chupa moja tu ndiyo iliyovunjika." Akaongea mengine kwa Kibondei, na hayo sikuyapata.

Halafu Baba, akidhani anatoa taarifa ya kawaida, akasema kiwanja kimelipiwa miaka ishirini.

"Kimelipiwa vipi?"

Ikabidi aeleze. Kule kaburi ni la kupanga. Muda ukiisha, familia inalipia tena, au jiwe linaondolewa na mahali panapewa mwingine. Bibi alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu sana.

"Mama yako umempangishia?"

Baba, mwenye jibu la kila jambo, alianza kupangusa jiwe lililokuwa safi.

Bibi hakusema tena mpaka tulipokuwa ndani ya behewa la kushuka. Lilipoanza kwenda akaniuliza, "Sasa na sisi tunampandisha nani?" Na tulipokaribia pale pa kupishania, safari hii ameketi ametulia mikono mapajani, akasema, si kwangu hasa, si kwa Baba: "Miaka ishirini si haba. Mtu akishalala miaka ishirini, amempisha mwenziwe, kuna ubaya gani?" Muda mfupi nyuma alikuwa amemkaanga Baba kwa jambo hilo hilo. Mpaka leo sijaamua kipi alikimaanisha na kipi kilikuwa cha kumwondolea mkwewe aibu.

Yeye mwenyewe tulimzika Muheza mwaka 2013, jioni ya siku ile ile, tuta la udongo bila jiwe wala maandishi. Nilipokwenda mwaka jana ilibidi nimuulize mjomba ni lipi. Mjomba akaonyesha, kisha akasita, akaonyesha la pembeni. Tukasoma dua katikati. Hakuna aliyetudai kodi.

Wa Heslach ndio wanaodai. Baba ametuma picha ya barua ya manispaa kwenye kundi letu la WhatsApp: miaka ya Oma imekwisha, tuongeze au tuachie? Kwa umri wake siku hizi Baba mwenyewe hupanda kwa treni, akiwa na ndoo yake ya kumwagilia, na anasema bado inajaa Jumapili ile. Dada yangu alijibu papo hapo, tulipe, na mioyo mitatu. Mama akaandika mtaamua wenyewe. Mimi nimeuliza bei tu.