Bokoboko la leo

Bokoboko ni ngano na nyama, vyapikwa pamoja na kusongwa mpaka vishikane. Asubuhi nilishuka sokoni Darajani, nikachukua kilo ya nyama ya ng'ombe. Ngano nilishairoweka tangu jana usiku.

Nikainjika saa tatu. Kufika adhuhuri nyama inachambuka yenyewe, lakini kazi ndo kwanza inaanza. Bokoboko lataka mwiko na mkono.

Nikasonga weee, mpaka bega likaniuma.

Mama akapita jikoni. Hakusema kitu. Akauchovya mwiko, akauinua juu. Likavutika kama uzi, halikukatika.

"Haya, tia samli," akasema, akaenda zake.

Miaka yote hii napika, leo ndo mara ya kwanza hajaniambia "bado"!

(Vitunguu vya juu viliungua kidogo. Hakuna aliyeuliza.)

Nyie kwenu mwalipika la ng'ombe au la kuku?