Kanga haikatwi kama kitenge

Daftari langu la ushonaji mwezi huu lina kazi tatu: gauni langu la kitenge, sketi ya marinda ya jirani, na gauni la kanga la rafiki yangu aliyejifungua juzijuzi. Analitaka kwa ajili ya arobaini ya mtoto, kwa hiyo hilo ndilo limenikalia kichwani.

Hizo mbili za kwanza hazina shida. Zinatoka kwenye kitenge kimoja cha yadi 6 nilichonunua Kariakoo. Gauni linakula yadi 3 na nusu, zinazobaki zinatosha marinda. Nimeshakifua, nikakianika kivulini na kukipiga pasi, maana pamba hurudi ikilowa. Mwaka jana nilishona blauzi bila kufua kitambaa kwanza; ilipofuliwa mara ya kwanza tu, vifungo vya kifuani vikagoma kufunga.

Sasa kanga. Kitenge maua yake yamejaa kote, unaweza kukata popote. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina. Hii doti alipewa na mama yake siku alipotoka hospitali, na jina lake ni MUNGU HAMTUPI MJA WAKE. Mimba iliyotangulia ilitoka, kwa hiyo maneno hayo kwake si mapambo. Aliniambia, "Dada, kata utakavyo, ila jina lisomeke lote."

Nilitandaza kipande kimoja sakafuni nikapima: upana sentimita 150, urefu 110. Jina peke yake lina sentimita 62. Yeye toka begani hadi chini ya goti ana 105, kwa hiyo urefu unatosha na jina linakaa juu kidogo ya pindo la chini. Nikakata kwanza kwenye magazeti, nikayaunga kwa gundi, nikayalaza juu ya kanga. Hipsi zake ni 112. Nusu yake 56, nikaongeza nafasi kidogo ya kupumulia nikafika 62, na gauni nilitaka lishuke moja kwa moja. Hapo nikaona M ya MUNGU na E ya WAKE zimekaa kwenye ukingo kabisa wa gazeti. Ningeshona, zingemezwa na mshono. Mkasi nilikuwa nimeshaushika mkononi, nikauweka chini.

Nilirudi kesho yake na hesabu mpya. Chini nimelitanua hadi 75, mshono unakula sentimita moja na nusu kila upande, na kila herufi ya mwisho inabaki na sentimita 5 za kujinafasi. Kipande cha mbele kinatoka kanga ya kwanza, cha nyuma kanga ya pili, hivyo jina litasomeka akija na akiondoka. Pindo la juu linaangukia mabegani, nami shingo nitaichimba humo humo.

Kilichonifurahisha zaidi ni mabaki. Nikikata 75 katikati, kila kanga inaacha vipande viwili vya upana wa 37 na nusu, kila kimoja na pindo lake pembeni. Nimevigeuza vilale kwa ubavu: upana wa kipande ukawa urefu wa mkono, na pindo likaja kukaa kwenye kiwiko lenyewe bila kuungwa. Mikono miwili inatoka hapo, na vipande vizima vinabaki. Nafikiria kumshonea mtoto kofia.

Jana nimekata. Nimeshaunga mabega na upande mmoja, cherehani ya miguu, kwa hiyo umeme ulipokatika saa 2 usiku sikusimama. Nilichomeka taa ya simu kwenye kopo la uzi. Leo namwita aje ajaribu kabla sijafunga upande wa pili. Ananyonyesha, kifua kimebadilika tangu nilipompima, na nataka pia tukubaliane zipu ya mbele ikae wapi.