Nilivyompata samaki wa taa bila kwenda kilindini

Samaki wa taa, yule mdogo wa kilindini mwenye vidoa vya kutoa mwanga mwilini, huwezi kumwagiza mwaloni. Mchana hukaa mamia ya mita chini, usiku ndio hupanda kufuata vijidudu vya juu, na kwa kuwa ni wa urefu wa kidole tu, jarife, wavu wa macho makubwa, halimnasi. Wavuvi wa Tanga wamewahi kunasa silikanti, yule samaki mkubwa wa kale, kwenye jarife za kina, lakini huyu mdogo hupita katikati ya macho. Nilimtaka kwa somo la baiolojia, basi nikaanza kuomba matumbo ya jodari pale Deep Sea, mwalo wa Tanga, maana jodari humla.

Mpara samaki niliyezoeana naye aliniuliza, "Mwalimu, utumbo huo wampelekea paka?" Nikamwambia ni wa darasani. Alicheka sana, ila akawa ananiwekea kwenye ndoo.

Vingi vilivyomo tumboni vimeshakuwa uji, na ndani yake midomo ya ngisi isiyosagika. Anayefaa ni yule aliyemezwa mwishomwisho. Namsuuza kwa maji ya bahari, bila kumsugua kabisa: magamba yake hutoka kwa kuguswa tu, na ngozi ikienda, taa nazo zimekwenda. Kisha namlaza kwenye sahani nyeupe na kushika lenzi. Macho ni makubwa kuliko mwili unavyostahili. Tumboni na ubavuni kuna vidoa vilivyopangwa kama shanga. Hivyo ndivyo taa zenyewe. Ukoo huu, Myctophidae, una spishi kama 250, na mpangilio wa vidoa ndio unaozitenganisha, kwa hiyo tunavihesabu pezi hadi pezi. Aliyechubuka wataalamu humtambua kwa mawe ya sikio. Mimi hapo sifiki. Naishia kwenye ukoo.

Wanafunzi walizima taa za darasa wakisubiri ang'ae. Hang'ai akishakufa. Akiwa hai, mwanga wa tumboni hulingana na ule hafifu utokao juu, hivyo adui aliye chini haoni kivuli chake. Baadhi ya spishi dume ana taa juu ya shina la mkia, jike chini yake; kwa kipengele hicho darasa lilibishana mpaka kengele.

Tunamhifadhi kwenye chupa ya spiriti. Kwenye lebo naandika tarehe, mwalo, na maneno "tumboni mwa jodari", kwa sababu alikomezwa hatukujui, na asije mtu akadhani alivuliwa hapo ufukweni.