Haijachuja

Idi iliyopita wifi yangu aliingia sebuleni kwangu na sinia la visheti, na kiunoni, juu ya dera jipya, kajifunga ile khanga. Ile ya zambarau yenye pindo jeupe. Nikapokea sinia, nikatoa mkono wa Idi, nikajifanya sijaiona.

Binti yangu ndiye aliyeharibu. Tangu aanze kukisoma Kiswahili hakuna kinachomponyoka, hata maandishi ya gunia la mchele. Akainama nyuma ya shangazi yake, akasoma silabi kwa silabi: "U-si-sa-fi-ri-e nyo-ta ya mwe-nzi-o. Mama, nyota ya mwenzio ni nini?"

Wifi akaniangalia. Nikakimbilia jikoni, eti maandazi yanaungua. Maandazi nilishayaepua tangu alfajiri.

Safari yetu ya kaskazini mwa Kanada nimeshaisimulia vipande vipande. Hiki cha khanga nilikuwa nakiruka.

Ilikuwa Juni 2018, wiki mbili baada ya Idi. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu, na mume wangu akaona asirudi bila kuonyeshwa nchi. Tukaondoka Edmonton magari matatu ya kukodi, yale yenye nyumba ndani: chukua Kosta, itie jiko, vitanda na choo. Mama alilizunguka letu mara mbili, akafungua mlango wa choo, akaufunga. "Jiko na choo pua kwa pua," akasema, na kwa siku mbili za kwanza hakula kilichopikwa humo.

Wifi na mumewe walikuwa mbele, kwa sababu shemeji aliwahi kuipita njia hiyo mara moja, na hakuacha mtu asahau. Sisi tulikuwa katikati, jamaa zetu wa Bukavu nyuma na rumba yao. Dawson Creek, ambako barabara ya Alaska inaanza kuhesabiwa, tulipiga picha tukapita. Mume wangu akamsimulia Mama kwamba barabara ile wanajeshi wa Marekani waliifungua mwaka 1942, kwa miezi minane hivi, na kama theluthi yao walikuwa weusi. Mama akatazama misonobari, misonobari, misonobari. "Na mbu hawa waliwakuta?" Akaambiwa ndiyo. "Masikini."

Fort Nelson tulifika na robo tangi, tukakuta foleni kwenye pampu. Sauti ya shemeji ikaja kwenye redio ya mkononi: "Twendeni, mbele kuna kituo." Tukaenda. Kituo chenyewe tukakikuta pampu zimefungwa mnyororo. Simu haina mtandao, barabara inapanda mpaka Summit, mita 1,295, na mume wangu kazima kila kinachozimika, hata taa ya ndani, kama kwamba taa inakunywa petroli. Mama alikuwa anavuta uradi. Hakuuliza kitu. Tulipojikokota mpaka Toad River, kule ambako dari ya mkahawa imebandikwa makofia maelfu, mshale ulikuwa umelala kabisa.

Shemeji akashuka anacheka. "Si nilisema kipo?"

Mama akasema, "Alhamdulillahi." Mnaomjua Mama mtaelewa kwamba jibu lilikuwa fupi mno.

Jioni hiyo tukalala Liard, kwenye majimoto.

Kutoka pale unapoegesha gari unatembea juu ya njia ya mbao inayokatiza kinamasi. Vibao vinakuonya kuhusu dubu. Mama aliomba asomewe kimoja chote, kisha akaanza kukohoa kwa sauti kila baada ya hatua kumi, "wajue tunapita, tusije tukawashtua majumbani mwao." Ilikuwa saa tatu na nusu ya usiku na jua lipo tu, limekaa juu ya miti kama mgeni asiyeaga. Mama alishaniuliza mara nne Magharibi ni saa ngapi. Nikamwambia kama saa nne na nusu. Akaniangalia kama mtu anayeambiwa bei na mchuuzi wa Mgandini.

Harufu ndiyo iliyomsimamisha. Ile ya yai lililochemshwa likapita kiasi. "Galanos," akasema. Majimoto ya Amboni, nje kidogo ya Tanga, ambako yeye alipelekwa utotoni kwa ajili ya upele. "Wewe umewahi kufika?" Nikasema sijawahi. Nimezaliwa Chumbageni, nimekulia Chumbageni, na nimesafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwa gari kuja kuyanusa Kanada. Hakusema neno. Akakohoa kwa ajili ya dubu.

Aliingia majini na dera lake, na khanga kaifunga kifuani. Chini kuna changarawe, na joto linatofautiana: ukikaribia chemchemi unaungua, ukirudi nyuma unapata uvuguvugu. Akashuka ngazi moja, akasoma bismillahi, ya pili, ya tatu, na maji yalipomfika kiunoni khanga ikajaa hewa. Ikavimba, ikainuka pande zote, ikaelea kumzunguka kama mwavuli, na pale mbele, limenyooka kama limepigwa pasi, jina la khanga: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Mume wangu alisoma. Mke wa jamaa yetu wa Bukavu alisoma, akageuka kutazama miti. Shemeji alikuwa kafumba macho, kichwa kakiegemeza mbaoni. Wifi alisoma mara mbili. Niliona midomo yake ikitembea.

Mama aliikandamiza kwa viganja, polepole, hewa ikatoka blup, blup. Ikavimba tena upande wa pili. Khanga ina jina moja tu, lakini wallahi jioni ile niliona kama limeandikwa kila pembe.

Mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya nyasi akauliza, kwa adabu kabisa, maandishi yanasema nini. Nikafungua mdomo. Wifi akaniwahi, kwa Kiingereza chake kizuri cha hospitali: "Yanasema safari njema."

"Kasemaje?" Mama akaninong'oneza. Nikamtafsiria. Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika bega langu asiteleze, machozi yakachanganyika na maji ya salfa, na kila akitulia anaanza upya. Wifi akatoka majini bila kuaga.

Usiku nilimuuliza Mama. Akasema khanga ilikuwa juu kwenye begi, akaivuta tu. Labda. Lakini begi lile nililipanga mimi mwenyewe Edmonton, na juu niliweka sweta.

Asubuhi hakuna aliyesema neno, ila magari yalipotoka sisi tulijikuta mbele. Nyati pembeni mwa barabara. Watson Lake na msitu wake wa vibao, ulioanzishwa na askari mmoja aliyekumbuka kwao. Jiwe dogo likatupasua kioo. Hayo nimeshayaandika. Whitehorse, siku ya kugawana njia, Mama alifungua begi, akatoa kipande cha pili cha doti ile ile, kikavu, kimekunjwa vizuri, akampa wifi kwa mikono miwili. Wifi akapokea, akambusu mkono. Nilikuwa karibu yao na sikuweza kusoma uso wa yeyote.

Na kuna jambo lililonijia baadaye, ambalo sikumwambia mume wangu. Aliyetangulia Kanada ni wifi. Yeye ndiye aliyetuandikia njooni, kazi zipo. Mimi nilifunga darasa langu la shule ya msingi nikaja. Kwa hiyo siku ile, wa nyota ya mwenzio alikuwa nani hasa?

Idi ilipoisha, wageni wametoka na sinia ya wifi nimeshaiosha, nilimpigia Mama simu. Nikamwambia wifi leo kavaa khanga yako. Nikamwambia na alivyosoma mjukuu wake. Mwishowe nikauliza wazi: Mama, ile siku Liard, ulikuwa unamsema nani?

Kukawa kimya kidogo. Nikasikia muadhini wa kwetu, na kuku.

"Kwani hiyo khanga," akasema, "bado haijachuja?"